Gavana aliyedhamini vita kwa jina lake

Ushawahi kudhamini mkopo wa rafiki kwenye chama, kisha rafiki akazima simu? Sasa fikiria mkopaji ni jimbo zima, na pesa zenyewe ni za kupigana vita.

Hayo ndiyo yaliyomkuta Daniel Tompkins, makamu wa sita wa rais wa Marekani. Alizaliwa 1774 Scarsdale, New York, mtoto wa mkulima. Akasoma Columbia College, akawa wakili, kisha jaji. Akiwa na miaka 33 tu aliapishwa gavana wa New York, na watu walimpenda hadi wakamchagua mara nne.

Mwaka 1812 Marekani ikaingia vitani na Uingereza. Kwa New York, adui alikuwa jirani: Kanada, iliyokuwa koloni la Waingereza, iko ng'ambo ya mpaka tu. Askari walitaka chakula, sare, bunduki na mishahara. Serikali kuu ilikuwa imefilisika, nao wapinzani katika bunge la jimbo wakakaza mkono. Benki zilipoletewa hati za serikali, zikasema hazitoi kitu mpaka Tompkins mwenyewe atie sahihi kama mdhamini.

Akatia. Akakopa kwa jina lake, tena akaongeza za mfukoni.

Shida ni kwamba jamaa hakuwa mtu wa kuweka risiti. Pesa za jimbo, za serikali kuu na zake zikachanganyika kama maharagwe na mahindi. Vita vilipoisha, wakaguzi wa jimbo wakasema dola 120,000 hazina stakabadhi. Mshahara wa makamu wa rais ulikuwa dola 5,000 kwa mwaka. Piga hesabu: miaka 24 bila kula.

Mwaka 1817, kabla hajaacha ugavana, alilitaka bunge la jimbo liweke siku ya kukomesha utumwa New York. Likaweka: Julai 4, 1827. Kwangu mimi, hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote aliyoyafanya, lakini wengi humkumbuka kwa madeni.

Akawa makamu wa James Monroe kwa miaka minane. Kazi yake ilikuwa kuongoza vikao vya Seneti, ila mara nyingi kiti kilikaa kitupu. Alipokuja, ilikuwa wazi kwamba pombe imeshamshika. Mwaka 1820, akiwa bado makamu wa rais, alijaribu kurudi kwenye ugavana. Kampeni nzima ikawa ni zile risiti, na DeWitt Clinton akambwaga.

Bunge la Congress lilikubali kumlipa mwaka 1824, mwili ukiwa umeshachoka. Aliondoka ofisini Machi 1825. Juni 11 akafariki Staten Island, siku kumi kabla ya kutimiza miaka 51, na waliokuwa wakimdai wakaanza kung'ang'ania mali aliyoiacha.