Maana na Matumizi ya Neno "Hukumu"

Ukimwuliza mtu katika soko la Kariakoo maana ya hukumu, aghalabu atakutajia kifungo au faini. Si ajabu, kwani magazeti nayo huandika kuwa fulani "amehukumiwa miaka mitano". Lakini hukumu na adhabu ni vitu viwili mbalimbali, na kuvichanganya kwaweza kumpotezea mtu haki yake.

Asili ya neno ni Kiarabu, na ndugu zake tunao: hakimu, mahakama, hata hekima. Kiini chake ni kukata shauri baada ya kupima, wala si kutesa. Kisheria, hukumu ni tamko la mwisho la mahakama katika shauri, lenye kueleza mambo yaliyobishaniwa, uamuzi uliofikiwa na sababu zake. Uamuzi utolewao shauri likiendelea, kama vile juu ya pingamizi, huitwa uamuzi mdogo. Adhabu hufuata katika jinai tu, mshtakiwa akiisha kutiwa hatiani. Aliyeachiwa huru naye amepata hukumu.

Katika madai ndimo mna hatari kubwa zaidi. Tuchukue mfano wa mwenye duka wa Mtaa wa Kongo anayedaiwa bei ya vitenge katika Mahakama ya Mwanzo. Hakimu asoma kwamba mdai ameshinda. Mwenye duka, kwa kuwa hakutozwa faini wala hakupelekwa rumande, arudi dukani akidhani hukumu bado. Siku dalali wa mahakama ajapo kukamata mali, ndipo asemapo, "Leo nimehukumiwa." La hasha! Huko ni kukaza hukumu. Hukumu ilikwisha kutolewa, na siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Wilaya zilianza kuhesabiwa tangu tarehe ile.

Mahakama za Mwanzo zimetumia Kiswahili kwa miaka mingi. Tangu Sheria Na. 1 ya mwaka 2021 ilipokifanya kuwa lugha ya sheria na mahakama, mzigo huu umewafikia pia wafasiri wa mahakama za juu.

Katika jinai twapendekeza "ametiwa hatiani na kupewa adhabu ya kifungo cha miaka mitano". Katika madai, "mahakama imetoa hukumu kwa upande wa mdai". "Amehukumiwa kulipa" kwa deni la kawaida tusiliandike, maana lamfanya mdaiwa aonekane mhalifu. Ama "amehukumiwa kifungo", hilo limekwisha kuota mizizi vinywani mwa watu, nasi hatuna haja ya kuling'oa gazetini. Katika nakala ya mahakama, lakini, lisipite.