Kabla Hujanunua Jeki ya Pikipiki, Piga Magoti Uangalie Chini

Ndugu zangu mnaouza spea mtandaoni, kuna swali linarudi kila wiki: "Nataka kufunga mwenyewe nyumbani badala ya kuuza tu. Ninunue jeki gani ya kuinulia pikipiki?" Leo nalijibu kwa kirefu, maana jibu lake mimi nimelilipia.

Nauza spea za bodaboda kwa WhatsApp hapa Rutamba, na nafunga mwenyewe kwenye kibanda cha uani. Mteja anaona cheni kwenye status, anakuja na Boxer yake, anaondoka imeshafungwa. Faida ya kuuza cheni ni ndogo. Hela ya kufunga ndiyo inayotulisha.

Mwanzo nilifanya kama wengi: matofali mawili na gogo chini ya injini. Mgongo ukanishinda, nikaagiza jeki ya mkasi niliyoiona mtandaoni. Tangazo lilisema inabeba kilo 1,100. Nikajisemea, Boxer yenyewe haifiki hata kilo 150, hapa nimemaliza kazi.

Siku ya tatu nikainua pikipiki ya kijana mmoja ili nitoe shokapu za mbele. Usiku mvua ilikuwa imenyesha, na sakafu ya kibanda changu wakati huo ilikuwa udongo. Upande mmoja wa jeki ukaanza kuzama taratibu, pikipiki ikalala ubavu. Mkono wangu niliuwahi kuutoa. Taa, kioo cha pembeni, indiketa na mkono wa klachi, vyote nikalipa mimi. Hilo nililimeza. Lililoniuma ni kwamba yule kijana alikaa siku mbili bila pikipiki, na bosi wake hesabu yake aliitaka vilevile.

Baadaye ndiyo nikasoma kibandiko kwenye jeki: 1,100 LB. Kumbe ni ratili, siyo kilo! Ni kama kilo 500. Aliyetangaza alibadilisha herufi tu. Lakini tukiwa wakweli, hata hizo kilo 500 zilitosha kabisa. Sikuangushwa na uzito. Niliangushwa na sakafu ambayo sikuiangalia.

Kwa hiyo usianze na swali la "inabeba kilo ngapi?" Anza na haya.

1. ANGALIA KAZI ZAKO KWANZA

Chukua daftari, andika kazi zote unazofunga kwa wiki mbili. Utashangaa. Cheni, sproketi, breki shuu za nyuma, tairi la nyuma: zote hizo dabo stendi inatosha, kama stendi yenyewe haijachakaa. Jeki unaihitaji kwenye tairi la mbele, shokapu za mbele, beringi za usukani na kushusha injini. Ukikuta kazi za aina hiyo ni mbili tu kwa mwezi, hela yako ipeleke kwenye spea. Jeki itasubiri.

2. ANGALIA SAKAFU

Kibanda cha udongo au mchanga hakipokei jeki yoyote bila kusaidiwa. Uzito wote wa pikipiki unaingia kwenye miguu midogo ya chuma, na ardhi ikiloa inaachia. Huku kwetu kuanzia mwezi wa kumi na mbili hadi wa nne mvua haiachi, sasa hapo usicheze na bahati.

Dawa ya kudumu ni zege, hata kipande cha mita mbili na nusu kwa mita mbili. Hela haijafika? Tafuta ubao mgumu wa inchi mbili, mpana kuliko jeki kila upande, na uulaze sawasawa. Kama sakafu imeinama, irekebishe kabla hujainua chochote.

3. PIGA MAGOTI UANGALIE CHINI YA PIKIPIKI

Jeki inataka chuma cha fremu cha kushika. Chini ya pikipiki nyingine unakuta bomba la moshi, boliti ya kumwagia oili au injini yenyewe imeshuka. Ukiinua kwenye ekzosi utaipinda. Ukiinua kwenye boliti ya oili utapasua kitako cha injini.

Chukua futi ya kupimia. Pima kutoka ardhini hadi kwenye fremu, kisha linganisha na kimo cha jeki ikiwa imelala. Isipoingia chini, haikufai hata ikiwa bei ya kutupa. Pima pikipiki tatu unazozipokea zaidi, siyo ya kwako peke yake.

4. AINA ZENYEWE

Jeki ya mkasi: ndogo, nyepesi, unazungusha kwa spana. Inafaa sana ikisaidiana na dabo stendi. Nyuma imesimama kwa stendi, mbele jeki inabeba kidogo tu. Usiiache ibebe pikipiki nzima peke yake, maana kitako chake ni chembamba.

Jeki ya haidroliki ya kuingia chini ya fremu: unapampu kwa mguu, ina mikono miwili ya kushika na magurudumu. Inainua pikipiki nzima. Inataka sakafu ngumu, na pikipiki ifungwe mkanda. Tumia mkanda wa kufungia mzigo, siyo ile mipira ya bodaboda. Mpira unavutika, na pikipiki inavutika nao.

Meza ya kuinulia: pikipiki inapanda juu, unafanya kazi umesimama. Mgongo utakushukuru, na hata picha za kuweka status zinatoka vizuri. Lakini meza yenyewe nyingi zinapita kilo 100 na zina urefu wa mita mbili na zaidi. Kuitoa Dar ni zaidi ya kilomita 400 mpaka Lindi, na kutoka Lindi kuja huku bodaboda haibebi, unatafuta guta au gari. Ukichagua meza, chukua ya kupampu kwa mguu. Ya umeme, umeme ukikatika na kazi imekatika.

Stendi ya kuchomelea: hii watu wanaidharau. Fundi wa kuchomelea mwenye mkono mzuri anakutengenezea stendi ya nyuma kwa bomba la mraba. Mpelekee pikipiki yenyewe apime, usimpelekee picha. Sehemu za kushika zivalishwe mpira wa tairi kuukuu. Ikipasuka, unarudi kwake kesho yake. Jeki ya mtandaoni ikipasuka unarudi kwa nani?

5. KUFULI NDIYO UHAI WAKO

Jeki ya haidroliki inashikwa na oili. Sili ikichoka, inashuka, na haipigi hodi. Kwa hiyo usinunue jeki au meza isiyo na pini au kufuli ya chuma ya kuizuia ikiwa juu. Na ukiwa nayo, itumie kila mara, hata kwa kazi ya dakika tano. Kabla hujatoa nati ya kwanza, itikise pikipiki kwa mikono miwili. Ikicheza, shusha uanze upya.

Ukimaliza kazi, iache jeki ikiwa imeshuka chini ili bomba lake la kung'aa lisipate kutu. Oili ikipungua, weka oili ya haidroliki. Oili ya breki itaharibu sili.

6. PIGA HESABU YA MPAKA NYUMBANI

Bei ya tangazo siyo bei ya jeki. Jumlisha basi, guta, na ubao au zege. Tuseme yote imekutoka 250,000, na kila kazi ya kuinua inakubakizia 5,000. Hizo ni kazi 50 kabla hujapata faida hata shilingi moja. Daftari lako la wiki mbili linasema kazi 50 utazipata kwa muda gani? Huku hela inachangamka wakulima wakishalipwa ufuta na korosho. Ukinunua, jeki ifike kabla ya msimu, siyo wakati foleni imeshajaa uani.

KWA MNAOZIUZA HIZO JEKI

Najua wengi humu mnaziuza. Nawaomba, kwenye kila tangazo andikeni vitu vinne: kimo ikiwa imelala, kimo ikiwa juu, uzito inaobeba kwa kilo, na kama ina kufuli. Kibandiko kikisema LB, gawa kwa 2.2 ndiyo upate kilo. Piga picha kibandiko chenyewe, usichukue picha ya kwenye mtandao wa mtu. Halafu muulize mteja: "Sakafu yako ni ya nini?" Swali hilo moja lingeniokolea mimi taa, kioo na aibu, na lingemwokolea yule kijana siku mbili za kazi.

Nilikuja kumwaga zege. Ile jeki ya mkasi ninayo mpaka leo, inakaa mbele kusaidiana na dabo stendi, na stendi ya nyuma nilichomelewa. Meza bado naitamani, ila daftari linasema bado.

Wewe mwenye kibanda cha udongo, sakafu yako umeifanyaje? Tuambie, kuna mtu leo anataka kubonyeza "nunua".