Kumtafuta Mhunzi katika Nyaraka za Mirathi: Nasaba, Vyombo vya Kazi na Walaa Kisiwani Pemba

Utafiti wa nasaba za watu wa kawaida, yaani wasiokuwa watawala wala wanazuoni, umeshamiri zaidi katika nchi ambazo kumbukumbu zake ziliandikwa mapema na kuhifadhiwa. Uingereza ni mfano unaojulikana. Tangu mwaka 1538 kila parokia iliamriwa kuandika ubatizo, ndoa na maziko; na kuanzia Januari 1813 rejista ya ubatizo ilichapwa ikiwa na safu maalumu ya kazi ya baba. Wasia ulithibitishwa katika mahakama za kanisa hadi mwanzoni mwa mwaka 1858, na orodha za mali za marehemu, hasa zile za karne ya 16 hadi katikati ya karne ya 18, huweza kutaja fuawe, mivukuto na koleo za mhunzi pamoja na thamani yake. Kwa Pemba safu kama hiyo haipo. Makala hii inaeleza namna mhunzi wa Pemba wa mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 anavyoweza kufuatiliwa katika nyaraka za mirathi, na inatetea hoja kwamba mtafiti hana budi kufuata vyombo vya kazi na hesabu ya urithi kabla ya kufuata jina.

Jina ndilo linalowapoteza wengi. Katika hati za Kiarabu mhunzi huitwa haddad, na mtafiti anayekutana na nisba ya al-Haddad huweza kudhani kwamba amekwisha kumpata anayemtafuta. Hata hivyo, al-Haddad ni pia jina la ukoo wa masharifu wa Hadhramaut, ukoo wa Imamu Abdallah bin Alawi al-Haddad aliyefariki mwaka 1720, ambaye uradi wake husomwa hadi leo katika misikiti mingi ya pwani ya Afrika Mashariki. Mwenye nisba hiyo huenda hakuwahi kushika nyundo. Waingereza nao wana tatizo hilohilo: jina la Smith katika rejista ya parokia halithibitishi uhunzi wa anayelibeba. Tofauti ni kwamba jina la ukoo la Kiingereza, hata likipoteza maana, humfikisha mtafiti kwa baba na babu. Mpemba alitambuliwa kwa jina lake na la baba yake, na mnyororo huo hubadilika kila kizazi. Aliyekuwa mtumwa mara nyingi hakuandikiwa jina la baba kabisa. Aliandikwa kwa jina moja, likifuatiwa na jina la bwana wake au la kabila alilonasibishwa nalo, kama vile Myao, Mnyasa au Mmanyema.

Vyombo havidanganyi kwa kiasi hicho. Mtu anapofariki na mirathi yake ikafika kwa kadhi au kwa ofisi ya serikali, mali huorodheshwa ili igawanywe. Katika mazingira ya Pemba mikarafuu na minazi huhesabiwa mti kwa mti, kwa kuwa miti huweza kumilikiwa na mtu asiyemiliki ardhi inayoiotesha. Ndani ya orodha za aina hiyo, kati ya miti, nyumba ya udongo na vyombo vya nyumbani, ndimo mtafiti anapopaswa kutafuta fuawe, mivukuto, nyundo za uzito mbalimbali, vipande vya chuma na majembe yasiyokwisha. Jembe moja au panga moja si ushahidi, kwani kila mpaliliaji wa shamba la mikarafuu alihitaji zana hizo. Fuawe ni jambo jingine: ni chombo kizito na cha gharama, na asiyefua chuma hana sababu ya kuwa nacho. Madeni nayo yasomwe kwa makini. Wadaiwa wengi wa vijiji mbalimbali, kila mmoja akidaiwa kiasi kidogo, humwelekea zaidi fundi aliyefanya kazi kwa mkopo hadi msimu wa karafuu kuliko mkulima.

Pamoja na hayo, jambo zito zaidi halimo katika orodha ya mali bali katika mgawanyo wake. Tuchukue mfano wa kubuni wa mhunzi wa madhehebu ya Shafii aliyeacha mke mmoja na binti mmoja. Mke hupata thumni, yaani moja ya nane, na binti hupata nusu. Jumla ni sehemu tano kati ya nane. Sehemu tatu zilizobaki huenda kwa asaba, yaani jamaa wa kiume wa upande wa baba. Mwungwana mwenyeji wa Pemba kwa kawaida hakukosa ndugu, ami au mtoto wa ami. Lakini aliyeletwa kisiwani akiwa mtoto, na jamaa zake wakabaki bara, hakuwa na asaba anayejulikana. Hapo ndipo walaa inapoingia: uhusiano wa kisheria unaobaki kati ya mwacha huru na aliyeachwa huru, ambao humpa bwana wa zamani, au warithi wake wa kiume, haki ya kuchukua baki hiyo. Kwa hiyo dai la mtu asiye na udugu wowote na marehemu, anayetaka sehemu tatu kati ya nane, ni ushahidi wenye nguvu kwamba mhunzi huyo alikuwa mtumwa, hata kama jalada zima halikutumia neno hilo. Familia zilizonyamaza kuhusu asili yao hazikuweza kuinyamazisha hesabu.

Ushahidi huo unaweza kulinganishwa na nyaraka za kukomesha utumwa. Amri ya Sultani Hamoud bin Mohammed ya tarehe 6 Aprili 1897 haikuwaacha huru watumwa wote kwa mkupuo. Kila mmoja alitakiwa kwenda mwenyewe kuomba uhuru, na bwana aliyethibitisha umiliki wake alilipwa fidia. Kwa sababu ya fidia hiyo majina ya pande mbili yaliandikwa pamoja, na jina la bwana ndilo linalomwezesha mtafiti kuunganisha hati ya uhuru na jalada la mirathi la miaka kadhaa baadaye. Aidha, amri hiyo ilimtaka mwombaji aonyeshe makazi na njia ya kujikimu, la sivyo ahesabiwe mzururaji. Wengi walijibu sharti hilo kwa kuafikiana na wenye mashamba. Kwa fundi wa chuma, ufundi wenyewe ulikuwa jibu, na kwa hiyo sehemu hiyo ya kumbukumbu haifai kurukwa. Pemba ni mahali pa kutegemea wahusika wengi wa aina hii: kimbunga cha mwaka 1872 kiliangamiza sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja lakini Pemba ikanusurika kwa kiasi kikubwa, na kilimo cha karafuu kikahamia huko pamoja na mahitaji yake ya nguvukazi na ya zana.

Kwa upande wa wanawake njia ni nyembamba zaidi. Masuria hawakuingizwa katika haki ya kuomba uhuru ya mwaka 1897. Walisubiri hadi sheria ya mwaka 1909. Mke au mama wa mhunzi anayekosekana katika kumbukumbu za miaka hiyo kumi na miwili hapaswi kuchukuliwa moja kwa moja kuwa alizaliwa mwungwana.

Lipo pia suala la nini kifanywe na matokeo. Elisabeth McMahon, katika kitabu chake cha mwaka 2013 kuhusu utumwa na uhuru kisiwani Pemba, ameonyesha kwamba maana ya heshima yenyewe ilibadilika katika kipindi hiki, kutoka heshima ya nguvu na cheo kwenda heshima ya mwenendo mwema, na kwamba waliokuwa watumwa walishiriki kuibadilisha. Watu waliojitambulisha kuwa Wanyasa au Wamanyema waliweza baadaye, wao au watoto wao, kujihesabu Waswahili au Washirazi. Mhunzi aliyenunua miti yake, akaoza binti yake na kukopesha majembe kijiji kizima alikuwa ameijenga heshima hiyo kwa mikono yake. Mtafiti anayechapisha jina lake pamoja na la bwana wake anakigusa kitu ambacho wajukuu wanaoishi bado wanakilinda, na hawakuombwa idhini wakati jalada lilipofunguliwa. Hesabu ya thumni na nusu inaweza kuelezwa kikamilifu, pamoja na fuawe na madeni, bila kijiji wala ukoo kutajwa.