Kabla hujauza shamba uende Poland: maisha ya huku yalivyo

Naandika kutoka Łódź. Msijiumize ulimi, wenyewe wanatamka kama "Wuch".

Wiki mbili zilizopita nilipigiwa simu usiku na mjomba wangu wa Kawetele, pale Tukuyu. Shikamoo, marahaba, habari za mvua, habari za ng'ombe, kisha akaingia kwenye hoja. Kijana wake wa tatu kapata "mchongo wa Poland". Kuna wakala anataka milioni tisa, halafu kijana atapanda ndege akafanye kazi ya ghala. Mjomba hana milioni tisa. Ana shamba la chai, na mnunuzi kashapatikana.

"Wewe uko huko huko," akaniambia, "nithibitishie tu kwamba mshahara ni milioni tatu kwa mwezi, nimalizane na huyu mtu."

Nilimwomba siku chache. Tangu hapo vijana wengine wawili wa Tukuyu wameniuliza swali lile lile, ndio maana nimeona niandike hapa kila mtu asome. Sisemi Poland ni pabaya, mimi mwenyewe naishi na ninakula. Nasema watu wajue wanachonunua.

Kwanza, Poland ni wapi. Ni nchi ya Ulaya, katikati kuelekea mashariki, jirani wa Ujerumani upande mmoja na Ukraine upande mwingine. Ina watu zaidi ya milioni 37. Iliingia Umoja wa Ulaya mwaka 2004, lakini hela yake bado ni zloti, siyo yuro. Kwa miaka mingi Wapoland wenyewe ndio waliokuwa wanakwenda kubeba boksi Uingereza na Ujerumani. Uchumi ukakua, viwanda na maghala yakaongezeka, vijana wakawa wachache, na sasa wanachukua watu kutoka nje. Kwa hiyo kazi zipo, hilo wakala hakudanganya.

Alipodanganya ni kwenye karatasi. Kibali cha kazi huku haombi mfanyakazi wala wakala wa mtaani. Anaomba mwajiri aliye Poland, kwa serikali ya mkoa wake, na siku hizi maombi yanapelekwa kwa mtandao. Ada analipa mwajiri, nayo ni mamia ya zloti, si maelfu. Kibali chenyewe kinaitwa zezwolenie na pracę, na kinataja kampuni, kazi utakayofanya na muda. Ukiwa nacho ndipo unaomba viza ya kazi. Kupata kibali si kupata viza, ubalozi unaweza kukunyima. Na tangu mwaka 2023, ilipozuka kashfa ya viza kutolewa kwa rushwa hadi naibu waziri wa mambo ya nje wa Poland akaondolewa, ukaguzi umekuwa mkali zaidi.

Kwa hiyo wakala akikwambia "lipa kwanza, jina la kampuni utalijua ukifika", shika mfuko wako. Hakuna kibali kisicho na jina la mwajiri. Na kwa sababu kibali kimefungwa kwa mwajiri, ukifika ukakuta kazi ni nyingine au kampuni haipo, huwezi tu kuvuka barabara ukaajiriwa jirani. Kuna watu nimewakuta huku katika hali hiyo. Hawana kazi, viza inakaribia kuisha, na nyumbani shamba lilishauzwa. Kurudi wanaona aibu, kubaki hawana uhalali.

Sasa tuje kwenye zile milioni tatu. Mwaka 2025 kima cha chini cha mshahara kilikuwa zloti 4,666 kwa mwezi. Zloti moja mwaka huo ilikuwa inacheza kwenye shilingi 600 hadi 700 hivi. Mjomba alizidisha, akapata milioni tatu, akafurahi. Lakini ile ni kabla ya makato. Ukitoa bima ya jamii, bima ya afya na kodi, mkononi inabaki kama 3,500.

Halafu unaishi. Mimi chumba kimoja, jiko na choo tunashirikiana watu wanne, nalipa zloti 1,100. Chakula cha kujibana 900. Tiketi ya mwezi ya tramu, simu na vitu vidogo vidogo, 200. Jumla 2,200. Inabaki 1,300, na hapo sijaugua, sijanunua koti wala viatu vya theluji. Kwa shilingi ni kama laki nane na nusu. Si haba. Lakini kama umeuza shamba kwa milioni tisa ili uje, piga hesabu mwenyewe: karibu mwaka mzima unafanya kazi kurudisha shamba tu. Kosa letu kubwa ni kubadilisha mshahara kuwa shilingi halafu matumizi tunayapigia hesabu ya Kawetele.

Kuna jambo la mkataba pia. Huku kuna mkataba kamili wa ajira, umowa o pracę. Huo unakupa likizo ya kulipwa, siku 20 kwa mwaka ukiwa mgeni kazini. Na kuna mwingine, umowa zlecenie, unaolipwa kwa saa. Kima cha chini cha saa mwaka 2025 kilikuwa zloti 30.50, lakini likizo ya kulipwa sheria haikuhakikishii, na kazi ikipungua saa zako zinapungua. Wageni wengi tunapewa huu wa pili. Uliza mapema ni upi, na usisaini karatasi usiyoweza kuisoma. Kibarua wangu wa kwanza nilisaini hivyo hivyo, nikaja kugundua kodi ya bweni inakatwa humo humo kwenye mshahara. Sikuwa na wa kumlaumu.

Haya, tuseme umefika salama na karatasi zako safi. Maisha yenyewe yakoje?

Baridi. Sisi watu wa Tukuyu tunajiona wazoefu kwa sababu Juni na Julai tunavaa masweta. Jamani, futa hiyo. Huku maji ya bwawa yanageuka sakafu, watoto wanateleza juu yake. Ila mimi kilichonipiga zaidi ni giza. Mwezi Desemba jua linazama saa tisa na nusu alasiri. Unaingia ghalani kukiwa giza, unatoka kukiwa giza, siku zinapita hujaliona jua. Wengi wetu miezi hiyo tunakuwa wanyonge bila kujua sababu. Dawa niliyofundishwa ni kutoka nje mchana hata kwa dakika 20 siku ya mapumziko, na kutokaa chumbani peke yako. Ukivumilia, Juni hadi saa tatu usiku bado kweupe.

Chakula kitakushangaza, maana utajikuta nyumbani. Wapoland ni watu wa viazi kama Isongole. Viazi vya kuchemsha, vya kupondwa, vya kukaanga, supu ya viazi. Wana kabichi iliyochachuliwa, na pierogi, ambazo ni kama sambusa laini za kuchemsha. Na wana maziwa mgando! Kiangazi wanakula viazi vya moto na bakuli la maziwa mgando pembeni. Siku ya kwanza kuwekewa hicho chakula nilicheka peke yangu, mama mwenye nyumba akadhani nimekidharau. Nilishindwa kumweleza kwamba Mnyakyusa na maziwa ni ndugu. Chai wanakunywa ya rangi na kipande cha limau. Ndizi za kuiva zimejaa dukani, lakini za kupika utazitafuta. Mbalaga ninaiota tu.

Lugha ndiyo mlima Rungwe wenyewe. Herufi zimesongamana kama abiria wa Hiace, na maneno yanabadilika mwisho kulingana na yanavyotumika. Hata jina la mtu linabadilika. Mwanzoni nilikata tamaa, halafu nikakumbuka kwamba na sisi Kiswahili chetu kina ngeli zinazowatoa wageni jasho. Łódź yenyewe ni mji wa kujifunzia: tangu miaka ya 1950 wanafunzi wa kigeni, Waafrika wakiwemo, wamekuwa wakisomeshwa Kipoland hapa kabla ya kwenda vyuoni. Ukijua lugha, unatoka ghalani. Usipoijua, utabeba boksi hadi mgongo ukatae. Killion Munyama, mzaliwa wa Zambia, majirani zetu hapo ng'ambo ya Tunduma, alikuja kusoma mwaka 1981, akawa mchumi, na mwaka 2011 akachaguliwa mbunge. Mwaka mmoja kabla yake John Godson, mzaliwa wa Nigeria aliyeishi hapa hapa Łódź, aliingia bungeni akiwa mbunge wa kwanza mweusi wa Poland.

Adabu wanayo, ila si ya maneno mengi. Mtu mzima usiyemzoea humwiti "wewe", ni Pan kwa mwanamume na Pani kwa mwanamke. Ukiingia kwenye lifti au dukani unasema dzień dobry. Ukiingia nyumbani kwa mtu unavua viatu. Lakini usitegemee mtu akuulize habari za watoto, za ng'ombe na za shamba kama pale Kawetele. Barabarani hawatabasamu. Miezi ya mwanzo nilidhani wote wamenikasirikia, kumbe ndivyo walivyo.

Jumapili maduka makubwa yamefungwa, isipokuwa Jumapili chache za mwaka. Sheria hiyo ilianza Machi 2018. Usiponunua mkate Jumamosi, shauri yako. Tarehe 1 Novemba nchi nzima inakwenda makaburini kuwasha mishumaa, usiku ule makaburi yanang'aa kama mji. Na mkesha wa Krismasi ndio sikukuu kuu ya familia. Kimila mezani kuna vyakula 12 bila nyama, na wanaweka sahani moja ya ziada isiyo na mtu. Ni ya mgeni asiyetarajiwa.

Ubaguzi upo? Upo. Kuna wanaokukodolea macho, kuna mlevi wa usiku kwenye tramu atakayekutukana. Kuna neno Murzyn ambalo wazee wanalitumia kwa mtu mweusi wakiona ni la kawaida, ingawa wataalamu wao wa lugha wenyewe wameshashauri liachwe. Na kuna jirani yangu mzee aliyeniletea supu ya moto siku tatu mfululizo nilipougua, bila kujua jina langu.

Siku moja nilimwambia huyo mzee kwamba natoka Tanzania. Akaniuliza, "Tengeru?" Nikashangaa. Wadau, wengi wetu hatujui. Mwaka 1940 Wasovieti waliwakamata Wapoland maelfu kwa maelfu na kuwapeleka Siberia na Kazakhstan. Waliofunguliwa wakatokea Iran, na kuanzia mwaka 1942 takriban 18,000 wakaletwa Afrika Mashariki na Kusini, wengi wao wanawake na watoto. Kambi kubwa ilikuwa Tengeru, Arusha, yenye watu kama 5,000, na makaburi yao bado yapo pale. Lakini walikuwepo pia Kidugala upande wa Njombe, na Ifunda, Iringa, ambako basi la Tukuyu kwenda Dar linapita kila siku. Walilima, walisomesha watoto wao, walizika wafu wao kwenye udongo wetu, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1950 kambi zikawa zimefungwa. Kwa hiyo kuhamahama kutafuta uhai si aibu ya Mwafrika peke yake. Ile sahani ya ziada mezani, hata sisi tuliwahi kuwawekea.

Turudi kwa mjomba. Nilimpigia Jumapili, nikamwambia hivi. Moja, wakala alete jina la kampuni na nakala ya kibali, nami nitaitafuta kampuni hiyo huku. Mbili, aonyeshe leseni ya uwakala wa ajira, na mjomba akaiulizie ofisi ya kazi au TaESA. Tatu, mkataba uandikwe kwa lugha ambayo kijana anaielewa. Nne, shamba lisiuzwe. Kama safari ni ya kweli, inaweza kutafutiwa mkopo au kuchangwa na ndugu, na mimi nitatoa changu. Chai inachumwa tena na tena kila mwaka, viza inaisha.

Mjomba alinyamaza muda mrefu hadi nikadhani salio limekwisha. Kisha akasema, "Basi mnunuzi asubiri. Huyo wakala alete kwanza hiyo karatasi."

Mpaka leo ninapoandika, karatasi haijaletwa. Shamba bado lipo. Kijana nimemwambia aanze kujifunza Kipoland wakati anasubiri, haigharimu kitu. Amenitumia ujumbe jana: dzień dobry, wujku. Maana yake habari za mchana, mjomba.

Mwenye uzoefu wake wa Poland au wa mawakala hawa atuongezee, tusaidiane kabla mashamba hayajaisha. Nawasilisha.