Zawadi ya wasomi wa udongo: jibu lirudi kwanza Panda

Ulimwenguni kuna zawadi za wasomi vijana, wale wanaoanza tu kazi ya kuchunguza udongo, mawe, maji na hewa. Chama kimoja cha wasomi wa Marekani, AGU, kilichoundwa mwaka 1919, kiko na zawadi ya watafiti wa Afrika walio mwanzoni mwa kazi. L'Oréal na UNESCO nao, tangu 2010, wanasaidia wanawake vijana wa sayansi katika inchi za kusini ya Sahara.

Habari hizo sisi wa sendika tulizipata kwa mutoto wa mwenzetu anayesoma jeolojia Lubumbashi. Alituuliza: «Ba papa, mutu wa Panda anaweza kushinda?» Tukamujibu: anaweza. Kisha na sisi tukamuuliza: ukishinda, Panda itapata nini?

Hatukumuuliza kwa ubaya. Hapa kwetu kazi ya kuchunguza haikosi. Union Minière ilijenga viwanda Panda na Shituru, mu muji uliokuwa ukiitwa zamani Jadotville. Mwaka 1967 inchi ikavichukua, na kampuni ya leo inaitwa Gécamines. Shaba na kobalti zilienda mbali, mabaki yalibaki. Mvua ikinyesha yanateremuka mutoni, jua likiwaka yanakuwa vumbi, na vumbi inaingia mu chungu cha bukari.

Kuna watoto wa inchi walioanza kujibu. Arthur Kaniki, wa Lubumbashi, alichunguza mabaki ya viwanda vya Katanga mu kazi yake ya udaktari aliyoimaliza Liège mwaka 2008. Mwaka 2009 profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Iniversite ya Lubumbashi, pamoja na Benoit Nemery wa Leuven na wenzao, walitoa matokeo ya mikojo ya watu wanaokaa karibu na migodi na viwanda vya Katanga. Walikuta kobalti nyingi ambayo haikuwa imeonekana bado kwa raia wa kawaida pahali pengine. Kwa watoto hali ilikuwa mbaya zaidi.

Mwaka 2020 ikatoka kazi ingine, iliyofanywa Lubumbashi juu ya watoto wanaozaliwa na kilema. Ilionyesha kwamba baba akitumika kazi ya madini, hatari kwa mutoto inapanda. Watoto waliochunguzwa hawakuwa wengi, kwa hiyo inapashwa kuendelea kutafuta. Lakini mwenzetu anayerudi jioni na vumbi mu nguo ya kazi, anayebeba mutoto mbele ya kuoga, yeye anahitaji kujua leo.

Na hapa ndipo shida iko. Kazi hizo za 2009 na 2020 ziliandikwa Kingereza, mu magazeti ya wasomi. Sisi tulizijua kwa kuchelewa, mutu mumoja akitufasiria neno kwa neno. Siku ile ile tuliandika barua ya kuomba mahali pa kuoga na pa kufulia nguo kazini, watumikaji wasipeleke vumbi nyumbani. Mbele yake tulikuwa tunaomba mushahara tu. Muone: karatasi moja ya msomi, ikifasiriwa, inabadilisha maombi ya sendika.

Tumeona pia wale wanaokuja na chupa, wanachota maji, wanachukua mukojo wa watoto, wanapiga picha, wanaenda. Mama aliyetoa mukojo wa mutoto wake angali anangoja jibu.

Kwa hiyo tunaomba wale wanaotoa zawadi waongeze ulizo moja kwa kijana: watu uliowapima, uliwarudishia jibu mu luga gani?

Na tunaomba zaidi: zawadi yetu wenyewe. Feza haikosi. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inagawanya kodi ya madini hivi: 50% kwa serikali ya Kinshasa, 25% kwa jimbo, 15% kwa muji ao sheferi, na 10% kwa Mufuko wa vizazi vitakavyokuja. Tena kila kampuni inayochimba inapashwa kuweka angalau 0,3% ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya wenyeji. Kipande kidogo cha feza hizo kinatosha kulipia kijana wa Likasi mashini ya kupimia maji, safari za laboratware, na siku moja ya kusimama mbele ya watu wa Panda, aseme kwa Kiswahili: maji haya munywe, yale musinywe.

Mutoto wa mwenzetu alisikia hayo yote, akacheka kidogo. Juma lililofuata alirudi na chupa sita na kalamu. Kwa kila chupa aliandika jina la kisima, na jina la mama mwenye kisima. Juu ya nini jina la mama? tukamuuliza. Akajibu: «Juu nijue mulango wa kurudia.»