Nguzo Inayobeba Bila Kuziba Njia



Kama unakaa upande wa Luano ao wa Ruashi, umezoea sauti ya ndege kubwa inapopanda. Watoto wanainua macho, wanapunga mikono, kisha wanarudia muchezo wao. Lakini umekwisha kujiuliza kitu gani kinafanyika ndani ya ile moteri? Mwezi huu tuingie ndani yake. Kuna fundisho kwa jamaa zetu, na kuna kitu cha udongo wetu vilevile.

ANZA NA MBABULA

Mama anapowasha mbabula, anapanga makala juu ya vyuma vya chini. Vyuma vile viko na kazi mbili: kubeba makala, na kuacha hewa ipite. Ukiviondoa, makala inaanguka. Ukiweka vyuma vinene vinavyogusana, hewa inazibwa na moto unakufa, hata kama makala ni mengi. Moteri ya ndege iko na shida ileile.

NDANI YA MOTERI

Mbele, mabawa madogo yanayozunguka yanavuta hewa na kuikandamiza. Katikati, hewa inachanganyika na petroli inayowaka. Nyuma, moto unatoka kwa nguvu na kuzungusha turbini, nayo turbini inazungusha muhimili wa katikati, ule unaozungusha mabawa ya mbele. Katika moteri nyingi muhimili unaozunguka kwa upesi zaidi unapita mizunguko 10.000 kwa dakika.

Muhimili unalala juu ya rulema, kama zile za gurudumu la kinga. Lakini rulema haiwezi kuelea katika hewa, lazima ishikwe na ganda la inje. Basi mafundi wanaweka nguzo fupi kutoka katikati mpaka kwenye ganda. Na nguzo hizo zinakata palepale njia ya hewa!

Kama wangeweka chuma cha duara, sawa poto ya umeme, nyuma yake hewa ingezunguka-zunguka kama maji nyuma ya jiwe mutoni. Nguvu inapotea, petroli inaliwa bure, na mabawa yanayofuata yanatetemeka mpaka yanaweza kupasuka.

Kwa hiyo nguzo inachongwa kwa mufano wa samaki: kichwa cha mviringo, mukia mwembamba. Hesabu yake inapimwa: si nyingi mno, si chache mno. Mara nyingi ndani iko wazi, kusudi mafuta ya rulema ao hewa ya kupoza ipite humo. Katika moteri zingine nguzo moja inapewa kazi mbili: inabeba, na kwa umbo lake inanyoosha hewa iliyokuja ikizunguka. Uzito unapunguka, na njia inafunguka.

KOBALTI YA KWETU

Katika moteri za kisasa, moto unaoingia katika turbini unapita digrii 1.500. Shaba inayeyuka kwa digrii 1.085. Ndiyo sababu mafundi wanatumia michanganyiko ya nikeli na kobalti, na kuipoza kwa hewa inayopita ndani yake. Kobalti inasaidia hasa vile vipande visivyozunguka, vinavyosimama mbele ya turbini na kuelekeza moto.

Wazee wetu wa Gécamines wanakumbuka mwaka 1978, vita ilipoingia Kolwezi katika mwezi wa 5. Bei ya kobalti ilipanda sana katika dunia. Kule Marekani, NASA ilianza kutafuta namna ya kutumia kobalti kidogo katika moteri za ndege. Leo Kongo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, na sehemu kubwa inaenda katika betri za telefone na za motokari.

Kijana, udongo huu ni wa baba zako. Lakini wanaochora moteri wamesoma hesabu na fizika. Ukiacha masomo na kuingia katika shimo, unauza jiwe kwa mufuko, na kazi ya kuligeuza jiwe inabakia kwa mwingine. Muzazi, pahali pa mutoto wa miaka 12 si katika shimo, na sheria ya inchi inakataza. Ninajua minervali ni nzito na njaa haingoji. Basi kanisa lisiseme tu “someni”. Liulize ni jamaa gani imekosa minervali, na lisaidie.

WEWE NI NGUZO YA NAMNA GANI?

Kuna baba anayebeba nyumba kweli: chakula, kodi, dawa. Lakini amejifanya ukuta. Bibi hawezi kutoa shauri, mutoto hawezi kusema neno. Matokeo unayaona nyuma yake: mutoto anajifunza uwongo, binti anakimbia nyumba. Nguvu ya baba si mbaya. Umbo lake ndilo linaloziba.

Hata katika kanisa: mutu mumoja anashika ufunguo, kwaya na sanduku. Kanisa halianguki, lakini halipumui.

Vijana, musicheke. Moteri bila nguzo inavunjika siku ileile. Anayetaka kuishi bila mutu wa kumushika anatafuta kuanguka.

Paulo anawafundisha Wakorinto (1 Wakorinto 12) kwamba viungo vinavyozaniwa kuwa zaifu vinahitajiwa sana. Hakuna mutu pale Luano anayeona nguzo za ndani ya moteri. Lakini bila hizo ndege haipandi.

YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Katika nyumba yetu, nani anabeba sana na hatumushukuru?
2. Baba, mama: ni neno gani mutoto wako anaogopa kukuambia?
3. Ni mutoto gani wa jirani ameacha masomo, na sisi tutafanya nini?

Bwana awabariki.