Lugha ya Nyumbani Isipotee Ugenini

Makazi ya Dzaleka yamo katika Wilaya ya Dowa, si mbali na Lilongwe, mji mkuu wa Malawi. Zamani palikuwa gereza. Tangu 1994 ni makazi ya wakimbizi, wengi wao wametoka Kongo, Burundi na Rwanda. Huko majirani wa makabila mbalimbali huelewana kwa Kiswahili. Lilongwe husemwa Kichewa, na shuleni hutumika Kiingereza. Basi mtoto aweza kuzijua lugha hizo tatu, asiweze kumjibu bibi yake kwa lugha ya kwao. Jamaa za askari, ambao huhamishwa mara kwa mara, wanaufahamu msiba huo.

Lakini lugha huweza kufifia hata wenyewe wasipohama. Kikae husemwa Makunduchi, kusini ya kisiwa cha Unguja. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilisanifisha Kiswahili kwa kufuata msemo wa mjini Unguja. Shule, vitabu na redio vikaufuata msemo huo, na Kikae kikabaki majumbani na mashambani.

Bwana Haji Chum alijitolea kukihifadhi. Mwaka 1962 ulichapishwa Utenzi wa Vita vya Uhud alioukusanya, ukahaririwa na H. E. Lambert. Wakati huohuo wawili hao walitoa orodha ya maneno ya Kikae, pamoja na mifano ya mnyambuliko wa vitenzi vyake. Mwaka 1994, miaka zaidi ya 30 baadaye, kikatoka kitabu chake, Msamiati wa Pekee wa Kikae. Humo alikusanya maneno ambayo ni ya Kikae hasa. Mwaka 2012 Baraza la Kiswahili la Zanzibar nalo likatoa kamusi ya lahaja hiyo.

Ndugu msomaji, kazi ya namna hii yaweza kuanzia nyumbani. Chukua daftari, uketi na mzee. Andika neno, maana yake, na sentensi moja aliyoisema mwenyewe. Anzeni na maneno ya jikoni, ya kilimo, ya uvuvi na ya ulezi, maana hayo hayaandikwi sana vitabuni. Hadithi iandikwe kama ilivyosimuliwa, bila kuisahihisha. Mwishoni tia jina la kijiji na tarehe.

Mtu anayehama hawezi kuchukua shamba wala nyumba yake. Daftari atalichukua, na wajukuu watalisoma.